Kulima seleri Dodoma: kitalu Machi, bustanini Mei, mavuno Agosti

Seleri kwa asili ni mmea wa vinamasi vya Ulaya na nchi za Mediterania. Mizizi yake mingi haishuki zaidi ya sentimita 20 au 30, haitaki udongo ukauke hata siku moja, na hustawi pale joto linapokuwa kati ya nyuzi 16 na 21. Dodoma mvua ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, halafu vinafuata vumbi na upepo. Kwa hesabu hiyo mtu atasema zao hili waachiwe watu wa milimani, kule Lushoto na Mgeta.

Lakini mji uko juu ya bahari kwa mita 1,100 na kitu. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mchana huishia 26 au 27. Hapo ndipo seleri inapata nafasi. Wakulima wa jangwa la Yuma, kule Arizona, Marekani, hutumia ujanja uleule: wanalima seleri msimu wao wa baridi na hawahangaiki nayo kiangazi. Sisi baridi yetu ni kipupwe, na kalenda yote inahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Hesabu yenyewe ni hii. Seleri ya vikonyo vinene (wengi huviita mashina) hukaa kitaluni wiki 9 hadi 10, kisha bustanini siku 90 hadi 110. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali, mchana 31 na zaidi, na Septemba upepo wa kusi unakausha kila kitu. Kwa hiyo unataka vikonyo viwe vimenenepa kabla Septemba haijafika katikati. Rudisha siku nyuma: miche iingie bustanini kati ya Mei 10 na 25, mbegu ziwe zimemwagwa kati ya Machi 1 na 20. Ukimwaga mwanzoni mwa Aprili bado utapata kitu, ila mavuno yatakuwa ya kuchuma vikonyo vya nje kidogo kidogo, si ya kukata mmea mzima. Ukianza Mei, kwa sababu ndiyo kwanza umeona baridi imeingia, umechelewa. Mmea utakuwa unajaza vikonyo Oktoba, na vitakuwa na nyuzi ngumu kama kamba.

Shida ya kalenda hii ni kwamba kitalu kinaangukia Machi, na Machi bado kuna joto. Wengi hukwama hapo hapo, hata bustani hawajaifikia.

Mbegu

Kwenye maduka ya pembejeo mbegu ya vikonyo inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ya jamii ya Utah, kama Tall Utah 52-70: vikonyo vya kijani, virefu, vyenye nyama. Golden Self-Blanching hukomaa mapema kidogo na ina rangi ya manjano iliyopauka. Ipo pia seleri ya majani, yenye vikonyo vyembamba vilivyo wazi katikati, harufu kali, na uvumilivu mkubwa zaidi wa joto. Kwa mtu anayeanza, ningegawa tuta nusu kwa nusu. Seleri ya majani itakupa kitu cha kutia kwenye supu hata ile nyingine ikikushinda, na kwa upishi wa nyumbani majani ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Vikonyo vinene vinatafutwa zaidi na hoteli na watu wa juisi.

Gramu moja ina mbegu kama 2,500. Tuta la mita za mraba 10 linahitaji miche 130 tu, kwa hiyo kipakiti kidogo kinatosha na kubaki. Usinunue kopo kubwa.

Angalia tarehe ya kufungashwa, lakini usiogope mbegu ya miaka miwili au mitatu iliyotunzwa pakavu na pa baridi. Ugonjwa wa madoa wa Septoria husafiri juu ya mbegu, na vimelea vyake hufa baada ya kama miaka miwili wakati mbegu yenyewe bado ni hai. Mbegu mpya unaweza kuisafisha kwa maji ya nyuzi 50 kamili kwa dakika 25, ukiwa na kipimajoto mkononi, kisha unaitumbukiza kwenye maji ya baridi. Bila kipimajoto usijaribu. Ukipitiliza nyuzi chache tu utakuwa umechemsha mbegu.

Kuiotesha wakati kuna joto

Mbegu ya seleri ikikuta udongo wenye nyuzi 25 huanza kugoma, na ukizidi 30 hulala kabisa. Haijafa, imelala tu, ila mwenye kitalu anasubiri wiki nne, haoni kitu, anamlaumu muuzaji kwamba kauza mbegu feki. Udongo mtupu wa Dodoma juani mchana wa Machi hupita nyuzi 30 kwa urahisi.

Jambo la pili ni mwanga. Mbegu hii inahitaji mwanga ili iote, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyouhitaji zaidi. Ukiifukia kwa udongo wa nusu sentimita, kama unavyofanya na nyanya, haioti. Ukifunika kitalu kwa gunia zito kama wanavyofanya kwenye kabichi, umeinyima mwanga. Ukifunika kwa nailoni, unaipika.

Kwa hiyo fanya hivi. Loweka mbegu kwenye maji ya mtungini usiku mzima, ukibadilisha maji mara moja. Chuja, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu (usiwe wa kudondosha maji), weka ndani ya kikopo na uache kwenye friji, rafu ya chini, kwa siku tano. Isiwe kwenye friza. Baada ya hapo changanya mbegu na nusu kikombe cha mchanga mkavu laini ili uweze kuzitawanya, maana zenyewe ni ndogo kiasi kwamba zinaganda vidoleni.

Trei iwe na mchanganyiko uliochekechwa: sehemu mbili za mboji iliyooza vizuri, moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa, moja ya udongo mwekundu. Kama una kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), iweke badala ya udongo. Lowesha mchanganyiko kwanza, sawazisha, tawanya mbegu juu, kisha kandamiza kwa kipande cha ubao ili zigusane na udongo. Usifukie. Juu yake tandaza kitambaa cheupe chepesi, kipande cha pazia la zamani kinafaa, kilicholoweshwa. Kinapitisha mwanga, na maji yanayofuka kutoka kwake yanapooza trei.

Trei ikae wapi? Mwanzoni mwa Machi jua la saa sita hupita karibu utosini hapa Dodoma, kwa hiyo ukuta hautoi kivuli cha maana mchana. Unahitaji paa la baraza au neti ya kivuli ya asilimia 50, hewa ikipita chini. Chini ya trei weka sinia pana la mchanga uliolowa. Asubuhi na mchana nyunyizia kile kitambaa maji mazuri yasiyo na chumvi. Ndiyo miezi ya mvua, na paa la mita za mraba 20 likipata mvua ya milimita 25 hukupa zaidi ya lita 400. Kinga hayo uyatunze kwa kitalu. Usimwagilie kwa kopo kutoka juu, mbegu zitakusanyika pembeni kama makapi. Weka trei kwenye beseni lenye maji ya sentimita mbili, subiri uso wa udongo ubadilike rangi, toa.

Siku ya 10 hadi ya 21 utaona nyuzi za kijani. Siku hiyohiyo ondoa kitambaa. Ukikiacha siku mbili zaidi, miche inarefuka, inalala, na kinyausi kinaingia: shina linanyong'onyea usawa wa udongo na mche unaanguka. Kinyausi kinapenda unyevu usiopata hewa, kwa hiyo baada ya kuota acha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, ila kule chini kubaki na unyevu.

Mche wa seleri huenda polepole hadi unakatisha tamaa. Mwezi mzima baada ya kuota unaweza kuwa na urefu wa sentimita tatu tu. Ukiwa na majani mawili ya kweli, uhamishie kwenye trei yenye vishimo au viriba vidogo, kila mche na nafasi yake ya sentimita tano. Shika jani, usishike shina. Kila wiki upe mbolea ya NPK inayoyeyuka, gramu moja kwa lita. Ukishafika majani matano au sita na urefu wa sentimita 10 hadi 15, anza kuuzoesha jua: muda wa saa mbili tu asubuhi siku ya kwanza, ukiongeza kila siku kwa muda wa wiki moja. Punguza maji kidogo, lakini usiuache unyauke. Mche uliowahi kunyauka kitaluni mara nyingi hukua na vikonyo vyembamba.

Tuta la kuzama

Tuta la kuinuka, lile la picha za mafunzo, ni la mahali pa mvua nyingi. Kwa kipupwe cha Dodoma linakauka pande zote kwa wakati mmoja. Seleri ichimbiwe tuta la kuzama, upana mita moja, kina sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa ardhi, na kingo za udongo pembeni. Maji yanabaki ndani, upepo unapita juu.

Kabla ya kuzamisha, vunja chini. Udongo mwekundu wa kichanga wa maeneo mengi ya mji una tabaka gumu ambalo jembe la mkono linaliruka. Tumia sururu hadi sentimita 30. Ukiacha tabaka hilo, maji husimama juu yake usiku na mizizi, ambayo tayari ni mifupi, inaoza kutoka chini. Kwa udongo mweusi wa mbugani mambo ni magumu zaidi: ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Ningetafuta sehemu nyingine, au ningechanganya mboji na mchanga kwa wingi kabla ya kufikiria seleri.

Samadi: nusu ndoo hadi ndoo nzima ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, ichanganywe kwenye sentimita 20 za juu. Samadi ya mbuzi ndiyo tuliyo nayo tele, na ni nzuri, ila lazima iwe imeoza miezi mitatu au zaidi na kunyeshewa mvua. Iliyotoka zizini moja kwa moja ina chumvi na amonia nyingi, na seleri haivumilii vyote viwili. Ongeza gramu 20 za mbolea ya DAP kwa mita ya mraba, na boraksi (chumvi yenye boroni) gramu moja kwa mita ya mraba, iliyoyeyushwa kwenye maji na kumwagwa sawasawa. Gramu moja, si kijiko. Boroni ikikosekana vikonyo hupasuka. Ikizidi, mmea hudhurika na udongo hautoi boroni upesi.

Usipande mahali palipotoka karoti au giligilani, hao ni ndugu wa seleri na wanarithishana magonjwa. Palipotoka bamia au nyanya, ng'oa mabaki uangalie mizizi: ikiwa na vifundo, kuna minyoo fundo, hamia kwingine. Palipotoka mchicha au maharage panafaa.

Usiweke tuta chini ya mwarobaini eti kwa ajili ya kivuli. Mizizi yake itakunywa maji kabla ya seleri. Kivuli kitoke kwenye neti, na kinga ya upepo iwe ukuta wa mabua ya mtama au uwele, urefu wa mita 1.2, upande wa mashariki na kusini mashariki. Mabua yaachiane kidogo ili upepo upite ukiwa umepungua nguvu. Ukuta usiopitisha kitu hupandisha upepo na kuuangusha katikati ya tuta. Mchwa watayala mabua kuanzia chini. Ndivyo ilivyo, badilisha yale yaliyolegea.

Hamisha miche jioni, sentimita 25 kati ya mche na mche, 30 kati ya mstari na mstari. Seleri ya majani inaweza kubanana hadi sentimita 15 hadi 20. Kitovu cha mche, pale majani machanga yanapotokea, kibaki usawa wa udongo. Kikifukiwa mchanga unaingia ndani na moyo unaoza. Siku nne za kwanza weka kivuli chepesi.

Maji

Milimita moja ya maji ni lita moja kwa mita ya mraba. Juni na Julai seleri iliyofunika tuta hutaka lita 5 hadi 6 kwa mita ya mraba kila siku, na Septemba 7 hadi 8. Kwa Juni na Julai, tuta la mita 10 za mraba ni ndoo tatu za lita 20 kwa siku. Kwenye udongo wa kichanga gawa, nusu asubuhi na nusu jioni, kwa sababu ukimwaga zote kwa mkupuo nusu inapita chini ya mizizi. Mipira ya matone miwili kwa tuta la mita moja inafanya kazi nzuri zaidi kuliko keni.

Kinachoharibu seleri mara nyingi zaidi kuliko uchache wa maji ni maji yanayokuja na kukatika. Mtaa wenye mgao wa maji kwa zamu lazima uwe na akiba: pipa la lita 200 linahudumia tuta la mita 10 kwa siku tatu. Kama huna pa kuhifadhi maji, punguza tuta hadi mita nne. Mita nne zisizokosa maji zitakupa seleri; kumi zinazokauka kila wiki zitakupa majani machungu.

Tandaza matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5, yakiachana na kitovu cha mmea kwa vidole viwili. Mchwa wakija, na watakuja, fukua matandazo sehemu hiyo na ulowanishe vizuri. Hupendelea yaliyo makavu. Matandazo yanayolowa kila siku hawayashambulii sana.

Halafu kuna chumvi. Maji ya visima vingi vya kanda ya kati ni mazito, na seleri ni miongoni mwa mboga zinazodhurika mapema. Kiwango ambacho mavuno hayapungui ni maji yenye EC (kipimo cha chumvi kwenye maji) isiyozidi 1.2 dS/m. Vipimo vidogo vya kalamu vinavyoonyesha ppm vitasoma kama 770 kwa kiwango hicho. EC ikifika 2.3, tegemea kupoteza sehemu ya kumi ya mavuno. Ikikaribia 4, robo. Dalili shambani ni ncha za majani kuungua, na utando mweupe juu ya udongo kwenye kingo za tuta. Kwa maji ya namna hiyo usimwagilie majani, mwagilia udongo. Kila baada ya wiki mbili ongeza maji kwa sehemu ya tano zaidi ya kawaida ili yasukume chumvi chini. Hapo ndipo lile tabaka gumu ulilolivunja linapokulipa, kwa sababu chumvi isipokuwa na pa kushukia hurudi juu.

Kukuzia, na vikonyo vinavyoharibika

Seleri inakula sana. Baada ya kuhamisha, subiri wiki mbili, kisha weka mbolea ya CAN gramu 20 kwa mita ya mraba (vijiko vinne vya chai visivyojaa sana), katikati ya mistari, na mwagilia. Rudia wiki ya tano na ya nane. Kwa udongo wa mchanga mtupu ni heri gramu 10 kila wiki mbili. Urea nimeiacha makusudi: hupita kwenye hali ya amonia, na amonia nyingi huzuia mmea usichukue kalsiamu.

Kalsiamu ndiyo kisa cha tatizo linalowashangaza wengi. Mmea unaonekana mkubwa, wa kijani, lakini ukifunua katikati unakuta majani machanga kabisa yameungua ncha, yamekuwa ya kahawia, kisha meusi na yenye ute. Wenye bustani hudhani ni kuvu na kununua dawa. Kumbe ni moyo mweusi: kalsiamu haikufika kwenye majani ya ndani. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kwenda kwenye majani yanayotoa jasho, na majani ya nje, yakipigwa na upepo mkavu wa Agosti, hutoa jasho jingi na kuchukua yote. Ya ndani yamefunikwa, hayatoi jasho, yanakosa. Hali huwa mbaya zaidi tuta likikauka na kulowa ghafla, au maji yakiwa na chumvi. Udongo wenyewe unaweza kuwa na kalsiamu tele. Tiba ni maji yasiyokatika na kinga ya upepo, na ukiona hatari nyunyizia kalsiamu nitreti gramu 5 kwa lita, jioni, ukilenga katikati ya mmea. Kunyunyizia majani ya nje ni kupoteza, haihamii ndani. Rudia kila wiki kuanzia wiki ya saba. Moyo ukishaoza haurudi. Chuma vikonyo vya nje vilivyo vizima utumie.

Vikonyo vyenye mipasuko ya kahawia inayokwenda kwa upana, kana kwamba mtu amekwaruza kwa ukucha, ni boroni. Manjano kati ya mishipa kwenye majani ya chini ni magnesiamu: chumvi ya Epsom gramu 10 kwa lita, nyunyizia mara mbili, wiki moja kati.

Vikonyo vyenye sponji au uwazi ndani vimekosa maji wakati fulani, au vimepitiliza umri. Kamba nyingi na uchungu ni joto na kiu. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayorudisha hali hiyo.

Kuota maua mapema kunasumbua nchi za baridi, pale mmea uliofikia unene wa penseli unapokaa siku kumi au zaidi chini ya nyuzi 10. Hapa mjini si kawaida. Kwenye milima ya Mpwapwa na Kondoa, ambako Julai ni baridi zaidi, hamisha miche midogo badala ya mikubwa. Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba usitegemee kupata mbegu zako mwenyewe Dodoma mjini, maana bila baridi hiyo maua hayatoki.

Wadudu nitawapitia haraka. Vidukari hujificha ndani ya moyo. Maji yenye sabuni ya maji, mililita 5 kwa lita, yanatosha ukiwawahi. Mwarobaini: kokwa zilizomenywa gramu 50 kwa lita, twanga, loweka usiku, chuja, nyunyizia jioni. Utitiri mwekundu hutokea Septemba wakati wa vumbi, majani yanakuwa na vitone vya manjano. Osha sehemu ya chini ya majani kwa maji asubuhi. Sota hukata miche usiku wiki ya kwanza, fukua karibu na mche uliokatwa utamkuta amejikunja. Michoro myeupe inayozunguka ndani ya jani ni mabuu. Chuma majani hayo uyachome.

Magonjwa ya majani ni ya wakati wa mvua. Miche ikiwa bado kitaluni Aprili, au ukiwa mbishi wa kulima Januari, madoa yatakuja: yenye nukta nyeusi ndogo katikati ni Septoria, yale makubwa ya kijivu yasiyo na nukta ni Serkospora, inayopenda joto na unyevu. Dawa zenye kopa (shaba) husaidia kabla ya madoa kuenea. Fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, maana hili ni jani linaloliwa bichi. Kipupwe kikavu chenyewe ni kinga, ilimradi unamwagilia chini.

Kuvuna

Seleri ya majani ianze kukatwa siku 60 baada ya kuhamisha, sentimita 5 juu ya kitovu, na irudiwe kila wiki tatu. Ya vikonyo, chuma viwili au vitatu vya nje kila wiki kuanzia siku ya 75, ukiacha visipungue sita ndani, au subiri hadi 90 na kuendelea ukate mmea mzima chini ya kitovu. Kuvifunika vikonyo kwa katoni wiki mbili kabla ya kukata kunavifanya viwe vyeupe na vitamu zaidi, lakini kwa soko la hapa sioni faida. Wanunuzi hupenda kijani, na ndani ya katoni konokono na kuoza hupata makazi. Usifukie kwa udongo kabisa, mchanga ukiingia kati ya vikonyo hautoki.

Mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kuvuna, kata alfajiri, tumbukiza kwenye maji baridi dakika 30, kung'uta, funga kwa kitambaa chenye unyevu. Seleri iliyokatwa saa sita mchana inafika Soko la Majengo imelala. Vaa mikono mirefu: utomvu wake ukikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huleta malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi, hasa kwa mimea yenye kuoza kwa kuvu. Kwenye friji, iliyofungwa vizuri isipoteze maji, hukaa wiki mbili hadi tatu.

Ifikapo Septemba katikati, ng'oa ya vikonyo iliyobaki hata kama unaionea huruma. Ya majani unaweza kuivusha Oktoba na Novemba kwa neti ya asilimia 30 hadi 40 iliyoinuliwa mita mbili, maji mara mbili kwa siku, na kuikata mara kwa mara isizeeke. Neti ya asilimia 70, ndiyo inayouzwa kila mahali kwa ajili ya maegesho ya magari, inatia giza mno. Mimea itarefuka na kulegea. Mvua za kwanza zikianza kuyapiga majani, kata yote, anika kivulini siku tano hadi yavunjike mkononi, saga, tia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Tuta lipande maharage, na mboji ianze kuandaliwa kwa ajili ya trei za Machi.